Vitabu vya dini vya bure: tunayoaminishana na yalivyo kweli

"Kitabu cha dini ni cha Mungu, hakina hakimiliki."

Husemwa kwa nia njema, lakini huwanyima haki watu waliokesha wakitafsiri. Ujumbe hauna mmiliki, tafsiri inaye. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 iko chini ya vyama vya Biblia vya Tanzania na Kenya. Tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ilichapishwa Nairobi mwaka 1969. Sheikh alifariki mwaka 1982, na kwa sheria ya Kenya haki za mwandishi hudumu miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Basi kukuta faili lake mtandaoni si ruhusa ya kulisambaza.

Vya halali vipo, tena vizuri. Toleo Wazi la Neno, Biblia ya Kiswahili ya shirika la Biblica, lina leseni ya Creative Commons: nakili, gawa, mradi utaje lilikotoka. Anayesoma Kiingereza ana hazina ya CCEL, maktaba ya mtandaoni iliyoanza mwaka 1993, yenye maandishi ya kale ya Kikristo, Augustino akiwemo.

"Ukiwa na PDF umemaliza, kompyuta itaigeuza iwe kitabu-pepe."

Hapa ndipo wengi wanapokwama. PDF hushikilia sura ya ukurasa. Haijui aya inaanzia wala kuishia wapi. Ukiipitisha kwenye Calibre, programu ya bure ya kugeuza vitabu-pepe, unaweza kukuta namba ya ukurasa imeingia katikati ya sentensi, kichwa cha sura kinajirudia kila baada ya aya chache, na tanbihi imejibanza ndani ya mstari. Kwa riwaya utavumilia. Kwenye maandiko, namba ya ukurasa iliyokaa kando ya namba ya mstari inampotosha msomaji. Mwongozo wa Calibre wenyewe unaonya kwamba PDF ni miongoni mwa miundo mibaya zaidi ya kuanzia. Na kama ni kitabu kilichoskaniwa, mara nyingi ndani hamna maandishi, ni picha tu. Tafuta kwanza EPUB, muundo wa vitabu-pepe ambao maandishi yake hujipanga upya kulingana na kioo. PDF iwe ya mwisho.

"Kindle haikubali EPUB."

Kindle ni kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu-pepe. Tangu mwaka 2022 huduma yake ya kutumia faili kwa mtandao, Send to Kindle, inaipokea EPUB na kuigeuza yenyewe. Ukiihamisha kwa waya ndipo haitafunguka. Hapo igeuze kwanza kwa Calibre iwe AZW3, muundo wa Kindle yenyewe.

"Ikifunguka, iko sawa."

Vitabu vya dua vyenye Kiarabu na Kiswahili vinataka uangalifu zaidi. Vikitoka kwenye PDF, herufi za Kiarabu mara nyingi huachana au kupinduka, na alama za irabu hupotea. Kabla hujamtumia mtu yeyote, fungua kurasa zenye aya za Qurani na uzilinganishe na msahafu, neno kwa neno.