OEE ni nini, na kwanini mashine inayounguruma siku nzima inaweza kuwa inazalisha kidogo

Ukiingia kiwandani ukamuuliza supavaiza mashine zinaendaje atakwambia zinapiga kazi, na kweli unazisikia zinaunguruma, ila kuunguruma sio kuzalisha, ndo maana kuna kipimo kinaitwa OEE (Overall Equipment Effectiveness, yaani ufanisi wa jumla wa mashine). Chenyewe kinauliza hivi: kwenye muda wote tuliopanga mashine ifanye kazi, ni asilimia ngapi ilikuwa inatoa bidhaa nzima kwa spidi yake kamili?

Kimetoka Japani kwa Seiichi Nakajima, yule aliyeeneza utaratibu wa TPM (Total Productive Maintenance) miaka ya 1970, ambao opereta mwenyewe anaitunza mashine yake, anaisafisha, anatia oili, anakaza nati, hasubiri mpaka ife ndo fundi aitwe.

Unachukua vitu vitatu unavizidisha: upatikanaji, spidi na ubora. Tuseme ni laini ya kujaza maji kwenye chupa, shifti ni dakika 480, toa mapumziko 60, zimebaki 420 za kazi. Mashine ikaharibika dakika 30, kubadilisha kutoka chupa ndogo kwenda kubwa zikaenda 40, kwahiyo ilitembea dakika 350, upatikanaji ni asilimia 83. Uwezo wake ni chupa 100 kwa dakika, ilitakiwa itoe 35,000 lakini imetoa 28,000, spidi hapo ni asilimia 80. Kati ya hizo 840 zilikataliwa, nyingine hazijajaa vizuri, nyingine kifuniko kimekaa upande, zikabaki nzima 27,160, yaani ubora asilimia 97. Zidisha zote tatu unapata kama asilimia 65. Au pita njia ya mkato, gawa chupa nzima 27,160 kwa zile 42,000 ambazo zingetoka kama kila kitu kingeenda sawa, jibu ni lilelile.

Sasa angalia hapo kwenye spidi maana ndo penye mambo. Chupa 7,000 zilizokosekana ni sawa na dakika 70, muda uleule tuliopoteza kwa kuharibika na kubadilisha saizi ukijumlisha! Ile ya kuharibika kila mtu anaijua, meneja alishuka mwenyewe, fundi alikuja na spana, ikaandikwa. Hii ya pili hakuna aliyeiona. Chupa imelala kwenye mkanda, opereta anaiinua kwa mkono, sekunde 20 mashine imeendelea, baada ya muda inalala nyingine, halafu kuna yule aliyepunguza spidi asubuhi kwasababu lebo zilikuwa zinakunjika na hakuna aliyeirudisha mpaka jioni. Mimi naamini kabisa viwanda vingi vinapotezea hela hapa kuliko kwenye mashine kufa.

Nakajima aliweka lengo la OEE ya asilimia 85, na watu wameishika hiyo namba kama amri. Mi nashauri usianze nayo. Ukianza kumbana opereta kwa namba atakupa namba, na kuipandisha kwenye karatasi ni rahisi mno, unaandika uwezo wa mashine ni chupa 80 badala ya 100 na ghafla spidi imekuwa asilimia 100, au unasema muda wa kubadilisha saizi hauhesabiki. Chupa zinazotoka mlangoni ni zilezile. Linganisha mashine na yenyewe ya mwezi uliopita, sio na ya jirani anayetengeneza saizi moja tu mwaka mzima. Na kama mashine inayofuata mbele yake ndo inakwamisha laini, kupandisha OEE ya hii ya nyuma ni kujaza tu chupa za kusubiri.

Kuhusu umeme kukatika watu hubishana sana, wengine wanautoa kwenye hesabu eti sio kosa la kiwanda. Mimi nasema uingie, ila uandikwe peke yake, maana ukiufuta bosi hataona kwanini jenereta inahitajika.

Kuanza haihitaji kompyuta. Daftari liwe pembeni ya mashine, opereta aandike saa iliposimama, saa ilipowaka na sababu, na zile za sekunde apige alama tu kila inapotokea. Wiki ikiisha kaeni naye mzihesabu, yeye ndo anajua ni kona gani ya mkanda chupa zinapolala.