Je, wajua kwa nini kutojua huchosha kuliko habari mbaya yenyewe?

"Bora nijue moja." Ndivyo asemavyo mtu anayesubiri majibu ya vipimo, barua ya kazi au simu kuhusu ndugu aliyepotea. Msikilize vizuri: haombi habari njema. Anaomba habari yoyote, hata ikiwa chungu, ili roho yake itue mahali. Wanaomzunguka humwona kama anajitabiria mabaya, kumbe anasema kweli tupu kuhusu ubongo wake.

Mwaka 2016 watafiti wa University College London waliwaweka watu 45 mbele ya kompyuta wacheze mchezo. Jiwe linatokea, nawe ukisie kama chini yake kuna nyoka. Nyoka akiwepo, mkono wako unapigwa shoti ya umeme. Wakati huo huo watafiti walikuwa wakipima jasho na upana wa mboni za macho. Unaweza kudhani aliyehangaika zaidi ni yule aliyejua kwa hakika kwamba shoti inakuja. La. Wasiwasi ulifika kileleni pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Aliyejua fika kwamba ataumia alikuwa ametulia kumzidi yule asiyejua.

Sababu yake ni kwamba ubongo hautulii mpaka ujue ujiandae kwa lipi. Jambo baya lililo hakika huandaliwa mara moja. Lisilojulikana huulazimu ubongo ubaki tayari kwa njia zote mbili, na tezi zilizokaa juu ya figo huendelea kumwaga adrenalini na kotisoli, homoni za kuuandaa mwili kwa hatari. Mwili umefungwa mkanda wa kukimbia, lakini wewe umekaa kitini, huna pa kukimbilia. Ndiyo maana mtu anaweza kusubiri siku nzima bila kuinua hata kikombe, akalala hoi kama aliyelima.

Ila katika mchezo ule kulikuwa na jambo jingine. Wale ambao wasiwasi wao ulipanda na kushuka kulingana na ugumu wa kukisia ndio waliokisia vizuri zaidi. Kwa hiyo wasiwasi si ugonjwa wala upungufu wa imani. Ni macho yaliyofunguliwa sana.

Sasa, nguvu ya kuvumilia hutoka wapi? Hapa wanasayansi wenyewe walikaa miaka mingi wakiishika hadithi kinyume. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier waliwapiga mbwa shoti ambazo mbwa hawakuweza kuzizuia. Baadaye wakawaweka kwenye kizimba ambacho kuruka kizuizi kifupi tu kungewaokoa. Wengi hawakuruka, walilala wakaugulia. Ikasemwa kwamba mbwa wamejifunza kukata tamaa. Baada ya karibu miaka 50, mwaka 2016, wawili haohao waliandika kwamba walikosea. Kulegea ndiyo hali ambayo ubongo huanza nayo shida inapodumu; kinachofunzwa ni kule kutambua kwamba kuna kitu ninachoweza kukibadilisha. Ubongo ukishakitambua, sehemu yake ya mbele hufunga breki kwenye shina la ubongo linalozalisha ule ulegevu. Tena, katika majaribio mengine, panya waliowahi kuizima shoti kwa juhudi zao walistahimili vyema hata walipokutana na shoti isiyozimika.

Ndiyo maana binafsi sina imani na neno "jikaze". Halimpi mtu kitu cha kushika. Afadhali kitanda kilichotandikwa, faili lililopangwa, swali moja lililoandikwa la kumuuliza daktari. Hayabadilishi majibu yanayosubiriwa, lakini ni mambo ambayo mwisho wake uko mikononi mwake. Kupumua polepole nako kumo humo: pumzi ndefu ya kutoa hupunguza kasi ya moyo, na hiyo ni swichi moja ya mwili unayoweza kuigusa kwa hiari.

Na kuna mkono. James Coan wa Chuo Kikuu cha Virginia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, aliwalaza wanawake 16 wenye ndoa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Kila ilipotokea alama ya hatari, walijua kwamba kuna uwezekano wa asilimia 20 wa kupigwa shoti. Walioshikwa mkono na waume zao walionyesha hofu iliyopungua kwenye picha, na kadiri ndoa ilivyokuwa njema ndivyo ilivyopungua zaidi. Mkono wa mtu baki nao ulisaidia, ila kidogo. Asilimia 20 ilibaki palepale, kwa aliyeshikwa na kwa asiyeshikwa.