Je, wajua? Kwa nini tairi lililopunguzwa upepo huwahi kufika kuliko tairi gumu

Bonyeza tairi la baiskeli yoyote iliyotoka kwa fundi hapa Dar es Salaam. Kidole gumba kitagonga kama kimegonga jiwe. Ndivyo tulivyokua: tairi zuri ni tairi gumu, gumu ni jepesi, jepesi lina mbio. Imani hiyo ina mantiki na ina mashahidi, na kwenye lami ya Barabara ya Bagamoyo ina ukweli mwingi tu. Tatizo huanza ukivuka nayo maji kwenda Kigamboni.

Mimi nilivuka nayo. Nilikuwa najiandaa kwa triathloni ya porini, na kwa kuwa mimi ni mwanamichezo wa ridhaa, yaani mtu anayelipa ili ateseke badala ya kulipwa, sikuwa na kocha wa kunikosoa. Nilisoma ubavuni mwa tairi pameandikwa 60 PSI, nikaisoma kama dozi ya dawa, nikajaza zote 60. (PSI ni paundi za nguvu kwa kila inchi ya mraba, ndiyo ile "upepo thelathini" ya kwenye vituo vya mafuta.) Lami ilipoisha, nikaingia kwenye njia ya mchanga kati ya minazi, na kabla sijafika mbali gurudumu la mbele likazama na baiskeli ikasimama. Nikashuka, nikaanza kuisukuma. Watoto wawili waliopakizana wakanipita, tairi lao la nyuma limelala kama chapati. "Shikamoo," wakasema, wakaendelea na safari yao.

Nilidhani ni wepesi wao. Ilinichukua wiki kadhaa kukubali kwamba ni ile chapati.

Kwanza, mchezo wenyewe, kwa ufupi. Triathloni ni kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia bila kupumzika katikati. Mashindano ya kwanza yaliyobeba jina hilo kwa maana ya leo yalifanyika San Diego, Marekani, mwaka 1974, na mchezo ukaingia Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney. Ile ya porini ilianza mwaka 1996 katika kisiwa cha Maui, Hawaii: unatoka baharini, unachukua baiskeli ya milimani, unapita kwenye udongo, mawe na mizizi, kisha unakimbia kwenye njia za namna hiyo hiyo. Umbali hubadilika kufuatana na eneo, ila uliozoeleka ni kilomita 1.5 za kuogelea, karibu 30 za baiskeli na karibu 10 za kukimbia. Kwa wengi wetu baiskeli ndiyo inayokula muda mwingi zaidi, kwa hiyo kosa la upepo si dogo.

Sasa turudi kwenye imani yenyewe, maana inastahili kuzikwa kwa heshima.

Tairi linapozunguka, sehemu inayogusa ardhi hubonyea, kisha hurudi. Mpira unaobonyea na kurudi hupata joto, na joto hilo limetoka kwenye mapaja yako. Ukiongeza upepo, tairi hubonyea kidogo, joto hupungua, unakwenda kwa urahisi zaidi. Hakuna kosa hapo. Kwa miaka mingi matairi yamepimwa maabara kwa kuyazungusha juu ya pipa laini la chuma, na juu ya pipa hilo tairi gumu hushinda karibu kila mara. Vipimo vilikuwa sahihi; barabara ndiyo iliyokuwa ya kughushi. Pipa halina mizizi ya mikorosho, na juu ya tairi lile hakuna mtu aliyeketi. Hilo la mtu aliyeketi lina uzito kuliko linavyosikika, tutalifikia.

Shahidi wa pili wa imani hii ni makalio yetu. Tairi gumu hutetemesha, na ubongo huhesabu mtetemo kama mwendo. Aliyepanda daladala chakavu anajua: kwa kilomita 50 kwa saa unahisi mnapaa, wakati ndani ya gari jipya kilomita 80 ni usingizi. Ukipunguza upepo kelele inakufa, na moyo unakuambia umepoa. Saa ya mkononi inasema vingine, lakini nani anaiamini saa kuliko makalio yake?

Halafu kuna yale maandishi ubavuni mwa tairi. Mara nyingi namba kubwa iliyochapwa pale ni ukomo, kama idadi ya abiria iliyoandikwa kwenye daladala. Ni mwisho wa usalama, si lengo la kufikia. (Najua konda ana tafsiri yake.)

Kinachochekesha ni kwamba kesi hii ilishasikilizwa zamani. Kabla ya mwaka 1888 baiskeli zilitembelea mpira mgumu usio na upepo kabisa. Mwaka huo John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, akasajili uvumbuzi wake wa tairi la upepo, alilolitengeneza kwa ajili ya kibaiskeli cha magurudumu matatu cha mwanawe. Mwaka uliofuata mwendeshaji aitwaye Willie Hume aliingia mashindanoni Belfast na matairi hayo yaliyovimba, akashindana na watu wa mpira mgumu, akawashinda. Laini lilishinda gumu mwaka 1889, na mimi nikaja kusukuma baiskeli Kigamboni zaidi ya miaka 130 baadaye.

Lilishindaje? Mtazame mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani. Magoti yamelegea kidogo, shingo imetulia, maji hayamwagiki. Sasa mfikirie anatembea miguu imekakamaa kama fito: kila hatua ndoo inaruka, maji yanachupa, na akifika nyumbani amebeba nusu ndoo. Nguvu aliyotumia kupandisha yale maji yaliyomwagika haikumfikisha popote.

Kwenye baiskeli, ndoo ni wewe. Zaidi ya nusu ya uzito wa mwili wa mtu mzima ni maji, na kilichobaki, ukitoa mifupa, hakina ugumu wa kujivunia. Tairi gumu likigonga mzizi haliwezi kuumeza, kwa hiyo linaupanda. Baiskeli inanyanyuka na wewe juu yake, na nguvu ya kukunyanyua imekatwa kwenye mwendo wako wa mbele. Mkishuka, ungetegemea ulipwe. Hulipwi, au unalipwa kiduchu: misuli, mafuta na matumbo hutikisika, hukwaruzana, na deni huishia kuwa kijoto ambacho hata hukihisi.

Tairi laini hufanya kazi ya ngata. Mzizi huingia ndani ya tairi, mpira huukumbatia, na rimu hupita juu kana kwamba hakuna kitu. Upepo uliobanwa wakati wa kuukumbatia husukuma upande wa nyuma wakati wa kuuachia, na sehemu kubwa ya nguvu hurudi. Upepo ni mdaiwa mwaminifu. Nyama ni mdaiwa sugu. Unapojaza tairi mpaka mwisho unahamisha mkopo wako kutoka kwa wa kwanza kwenda kwa wa pili, kisha unashangaa fedha zimekwenda wapi. Ndiyo maana pipa la maabara lilidanganya: palikuwa na tairi, mdaiwa sugu hakuwapo.

Mchanga ni kesi nyingine, na hapa tairi laini halishindi kwa kuumeza mzizi bali kwa kutozama. Aliyewahi kualikwa harusi ya ufukweni anajua hatima ya viatu vya kisigino kirefu: bibi arusi anatembea kwa ncha za vidole huku shangazi mwenye kandambili anapita kifua mbele. Uzito hauhusiki sana, huenda shangazi ndiye mzito. Kinachotofautiana ni eneo ambalo uzito umetandazwa.

Tufanye hesabu. Mtu wa kilo 75 na baiskeli ya kilo 13 ni kilo 88, na gurudumu la nyuma hubeba karibu asilimia 60, tuseme kilo 53, sawa na paundi 117. Kwa upepo wa 60, tairi linahitaji kugusa ardhi kwa inchi za mraba karibu 2 tu ili kubeba mzigo huo, kama sentimita za mraba 13, pungufu ya uso wa kiberiti. Kwa upepo wa 25 linahitaji inchi za mraba 4.7, kama sentimita za mraba 30, karibu viberiti viwili. Haya ni makadirio, kwa sababu ukuta wa tairi nao hubeba kidogo na nyayo ya tairi si mstatili, lakini picha haibadiliki. Eneo hilo huongezeka zaidi kwa urefu kuliko kwa upana, na mchangani urefu ndio wenye faida.

Kuzama kuna ubaya gani hasa? Gurudumu lililozama sentimita chache lina ukuta wa mchanga mbele yake. Likiupanda, mchanga unateleza, linazama tena, na ukuta mpya unasubiri. Njia ni tambarare kama meza, lakini wewe unapanda kilima kinachotembea na wewe na kisichofika kileleni. Madereva wa magari ya kwenda ufukweni hulijua hili bila kuchora mchoro: wakifika kwenye mchanga wanashuka na kutoa upepo, halafu ndiyo wanaingia.

Isipokuwa mchanga wenyewe uwe na maji. Pale Coco Beach maji yakipwa, ukanda ulio karibu na mawimbi ni mgumu karibu kama sakafu, kwa sababu utando mwembamba wa maji kati ya chembe huzivuta zishikamane. Panda hatua chache kuelekea minazi, kwenye mchanga mkavu, na ushirika huo umevunjika. Kwa hiyo mtu anayefanyia majaribio kwenye mchanga mbichi anaweza kurudi na ushahidi kwamba upepo hauna maana, na atakuwa hajasema uongo. (Atakuwa na mnyororo wenye chumvi, lakini hiyo ni shida nyingine.)

Sasa breki. Laini si bapa. Upepo ukipungua mno, mzizi au jiwe linaubana mpira hadi kwenye rimu, na tyubu inatoboka mara mbili, matundu mawili pembeni kwa pembeni kama alama za meno ya nyoka. Kwenye kona tairi linaweza kuyumba, hata kuchomoka kwenye rimu. Wanaotumia matairi yasiyo na tyubu, yenye maji maji ya kuziba matundu ndani yake, wanaweza kushuka chini zaidi bila woga huo. Wengi wenye uzito kama wangu na matairi mapana ya milimani huishia kati ya 20 na 30, ila namba haiazimwi kama pampu: inategemea kilo zako, upana wa tairi na njia. Njia za Pugu zenye mizizi na mteremko hazitaki upepo ule ule wa mchanga wa Kigamboni. Mimi hushusha mbili mbili, narudia kipande kile kile, na nikisikia rimu imegonga napandisha kidogo. Na kidole gumba si kipimo. Kinaweza kutofautisha tairi na chapati, lakini 25 na 35 kwake ni ndugu.

Utasikia pia kwamba tairi laini hukuachia miguu mibichi kwa ajili ya zile kilomita 10 za mwisho. Inaingia akilini, maana mwili uliotikiswa kwa saa mbili huchoka. Ila msemo huo hutamkwa vijiweni kwa uhakika unaozidi ushahidi wake, na mtu anayekimbia vibaya hukimbia vibaya na tairi lolote.

Jambo la mwisho ni kioja ninachokipenda kuliko yote, na ni cha triathloni peke yake: wakati unaogelea, baiskeli inakungoja juani. Tuseme umepima 30 alfajiri, joto likiwa nyuzi 25, na mpira mweusi ukaota jua la Dar hadi nyuzi 45. Fizikia ya sekondari inahesabu joto kuanzia nyuzi 273 chini ya sifuri, kwa hiyo umetoka 298 kwenda 318, ongezeko la karibu asilimia 7. Kipimo nacho huficha kanieneo ya hewa inayotuzunguka, karibu 15, hivyo 30 yako ni 45 halisi. Ikiongezeka inakuwa 48, na kipimo kitasoma 33. Hukugusa pampu. Tangu nifanye hesabu hiyo natandika kanga juu ya magurudumu, na nimeshazoea kuulizwa kama baiskeli ni mgonjwa.

Siku ya mazoezi, nikimaliza mchanga, narudi kwenye lami na matairi yangu malegevu, na hapo imani ya zamani inapata haki yake: yananata, yananguruma, nachelewa pantoni. Fundi wa pale kona ananiona kwa mbali na kuchukua pampu kabla sijasimama.

"Upepo umekwisha huo, kaka."

Namwambia nataka 40 tu, namwonyesha na kipimo changu. Anakitazama, anajaza, anabonyeza kwa kidole gumba, anatikisa kichwa, halafu anaongeza kidogo.