Mwani si kila kijani kilicho majini

Juzi kijana wangu wa Majengo alinipigia simu. "Ami, nimetia mwani ulivyosema, na samaki wote wako juu ya maji wanatweta." Sikusema mwani. Nilisema mimea. Yeye aliteremka ufuoni Nyali maji yakiwa kupwa, akaokota fungu zuri la kijani, akalisuuza kwa maji ya mfereji na kulitumbukiza kwenye tangi lake la kioo la kufugia samaki. Siku ya tatu lilikuwa ute unaonuka.

Mmea wa majini ni mmea kamili unaoishi ndani ya maji: una shina, majani na mishipa ya kupitishia chakula, na mingi ina mizizi na hutoa maua. Mwani hauna hata kimoja katika hivyo. Kinachofanana na mzizi kazi yake ni kushika jiwe tu. Chakula mwani hukinyonya kwa mwili mzima. Ndiyo sababu wakulima wa Kibuyuni, kule Kwale, huufunga kambani ukakua bila kugusa udongo.

Tena mwani wa baharini umezoea maji yenye chumvi kama gramu 35 kwa lita. Ukiutia maji matamu, maji hupenya seli zake hadi zikapasuka. Huo uozo ndio uliomaliza oksijeni ya samaki wa kijana wangu.

Hata yale majani membamba yanayolundikana ufuoni, mengi ni nyasi za bahari, mimea ya kweli yenye mizizi na maua. Wavuvi wengi huita vyote mwani, wala huko hakuna anayedhurika. Tangini samaki hufa.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mwani kwenye tangi huwa upo tayari, bila kununuliwa. Ule ukijani unaoteleza kwenye kioo, zile nyuzi zinazong'ang'ania majani, ndio mwani wenyewe. Mtu akiniambia anawasha taa muda wa saa 12 ili "mwani" wake unawiri, najua kioo chake kitakuwa kijani kabla mimea haijapata nguvu. Muda wa saa 6 hadi 8 unatosha. Na mmea wenye mizizi hutaka kupandwa: valisneria, yenye majani kama utepe, huzikwa mizizi changaraweni, shingo, pale majani yanapoanzia, ikabaki nje, nayo huvumilia hata maji yetu ya kisima yenye chumvichumvi. Anubiasi, inayotoka kwenye vijito vya Afrika Magharibi na ya Kati, ni kinyume: shina lake nene likizikwa huoza, basi lifunge kwa uzi kwenye jiwe.

Nilimpelekea kijana mashina matatu ya valisneria. Akayainua kwenye mwanga, matone yakimchuruzika mkononi. "Mwani huu mzuri, Ami."

"Huo ni mmea, mwanangu. Mwani ni ule utakaoufuta kwenye kioo."