Beringi za Mkono wa Nyuma wa Pikipiki na Kazi ya Grisi

Mkono wa nyuma wa pikipiki ni kile chuma kinachoshika gurudumu la nyuma kwa ncha moja, na kwa ncha ya pili kimeungwa kwenye fremu kwa pini ndefu ambayo mara nyingi hupita nyuma tu ya injini. Ndani ya tundu la pini hiyo mna beringi au bushi zinazouwezesha mkono kupanda na kushuka gurudumu linapokanyaga shimo. Katika pikipiki nyingi zenye shokapu moja ya kati, kama zile za Honda zenye mfumo wa Pro-Link au za Kawasaki zenye Uni-Trak, kuna pia beringi ndogo katika viungo vinavyounganisha mkono na shokapu. Hizi ndizo husahaulika zaidi, ilhali zimekaa chini kabisa, kwenye njia ya tope na maji.

Beringi ya gurudumu huzunguka mzunguko kamili na kusambaza grisi yake kila inapozunguka. Ya mkono wa nyuma haizunguki: husogea digrii chache na kurudi, maelfu ya mara, papo hapo. Nyingi ni beringi za sindano, yaani vyuma vyembamba vilivyopangwa kulizingira bomba gumu lililong'arishwa, na kila sindano hubeba mzigo mahali palepale. Grisi ikishasukumwa pembeni hakuna kitu cha kuirudisha; chuma husagana na chuma, maji yakipenya kutu huanza, na fundi akichomoa bomba huona mistari iliyochimbika, imepangana kwa nafasi zilezile za sindano. Bomba lililofikia hali hiyo halitengenezeki kwa grisi, hata ipakwe nyingi kiasi gani. Hubadilishwa pamoja na beringi yake.

Ili kuzikagua, pikipiki huwekwa kwenye stendi gurudumu la nyuma likining'inia, kisha mkono husukumwa kulia na kushoto karibu na ekseli. Mchezo, yaani kulegea, ukihisiwa kwenye pini, au pikipiki ikiyumba nyuma katika kona, kazi ya kufungua haipaswi kuahirishwa.

Pikipiki nyingi hazina chuchu ya kupigia grisi kwenye viungo hivi, kwa hiyo lazima vifunguliwe. Bomba huchomolewa taratibu juu ya kitambaa safi, kwa kuwa baadhi ya beringi hazina kishikio cha sindano nazo humwagika zote. Sehemu za chuma huoshwa kwa mafuta ya taa na kukaushwa kabisa, kisha grisi isiyochukuliwa na maji kwa urahisi hushindiliwa kwa kidole hadi ijae kati ya sindano. Sili (vizibo vya kuzuia maji na uchafu kuingia) zilizopasuka hubadilishwa hapohapo, kwani sili mbovu huifanya kazi yote kuwa bure. Bushi za mpira ni jambo jingine: hizo hazipakwi grisi ya kawaida, ambayo hulainisha na kuharibu mpira.

Katika kurudishia, nati ya pini hukazwa kwa kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki husika. Na wakati wa kuosha, bomba la maji ya presha lisielekezwe kwenye viungo hivi, kwa sababu sili zake zimeundwa kuzuia maji ya barabarani, si maji yanayosukumwa kwa nguvu kutoka karibu.