Siki haiondoi harufu ya nyamapori

Nimeulizwa tena: "Fundi, nimepata kilo tatu za nyama ya pofu, yule swala mkubwa, buchani. Niloweke kwenye siki saa ngapi mpaka harufu iishe?" Swali hili nimelijibu sokoni Mwanjelwa, nimelijibu kwenye simu, nimelijibu hata msibani, na kila mara anayeuliza huwa ameshajipa jibu lake: nyamapori inanuka kwa asili yake, na dawa yake ni siki usiku kucha, kipande cha magadi, kisha ichemshwe na maji ya kwanza yamwagwe. Safari hii naandika, ili atakayeuliza tena nimtumie hapa.

Pofu aliyepigwa vizuri, akatumbuliwa mapema na kupozwa, hanuki. Mpikie mgeni bila kumwambia, atadhani ni ng'ombe na ataomba aongezewe. Harufu mnayoilalamikia iliingia baada ya risasi, na iliingizwa na mikono ya watu.

Mnyama anayecheua ana tumbo kubwa lililojaa majani yanayochacha. Akifa, uchachu ule hausimami. Gesi inaongezeka, tumbo linavimba, na ngozi inazuia joto lisitoke. Kwa jua la Oktoba kule pori la akiba la Rungwa, mnyama akilala juani huku watu wanapiga picha, nyama ya mapaja inaanza kuharibika kwa ndani, karibu na mfupa, wakati kwa nje bado inapendeza. Halafu inatokea risasi imepita tumboni. Hapo mchunaji anachota ndoo ya maji anamwagia, anaona amesafisha, kumbe uchafu uliokuwa sehemu moja ameusambaza mzoga mzima. Sehemu iliyochafuka hukatwa kwa kisu na kutupwa.

Na tezi, jamani. Mtazame swala aitwaye tohe chini ya sikio: kuna baka jeusi lisilo na manyoya, la duara. Ile ni tezi ya harufu. Mchunaji anaishika, anafuta mkono suruali, anaendelea na paja. Mkono ulioshika ngozi usishike nyama. Mmoja avute ngozi, mwingine akate. Jambo hili nimelirudia kambini hadi vijana wakanikimbia, ila nyama yao ilitoka safi.

Kuna pia mnyama aliyejeruhiwa akakimbia mbali kabla ya kumaliziwa. Misuli yake imetumia sukari yake yote, kwa hiyo baada ya kufa haitengenezi ile asidi inayoilinda nyama. Unaiona buchani: nyeusi kupita kawaida, inanata kwenye vidole, na haikai siku nyingi. Hiyo usiinunue, hata kwa punguzo.

Sasa siki. Inaingia milimita chache tu kwa usiku mzima. Asubuhi una nyama iliyopauka nje kama chaki, na ndani iko vilevile ulivyoinunua. Magadi yanafanya kinyume: yanalegeza uso wa nyama mpaka inateleza, na yanaacha ladha ya sabuni. Kinachoniudhi zaidi ni wanaotia vyote viwili. Siki ni asidi, magadi yanapambana na asidi. Yakikutana yanatoa povu, na mpishi anafurahi akidhani uchafu unatoka! Hakuna kinachotoka. Dawa moja imeua nyingine, na mlaji anabaki na chumvichumvi ya ajabu mdomoni. Maji ya kwanza ukiyamwaga, umemwaga supu. Papai lina nguvu ya kweli, lakini kimeng'enya chake kinafanya kazi kwa kasi nyama inapopata moto, kwa hiyo ukilipaka jioni ukapika asubuhi, nje itakuwa uji. Nusu saa inatosha.

Harufu iliyo halali ni ya mafuta. Mafuta ya swala na ya kondoo yanabeba harufu yao, tena yanaganda upesi. Usiku wa Julai Makete, wakati sakitu inaanguka, yataganda mdomoni kabla hujameza. Yakwangue yote pamoja na ule utando mweupe unaong'aa, kisha pikia alizeti. Dume mzee wa msimu wa kupandana ni habari nyingine: huyo ananuka kweli, na sijaona kiungo kinachomsaidia. Msageni, mtieni pilipili, au mwacheni.

Kuhusu kuning'iniza nyama, vitabu vinataja siku kana kwamba ni hesabu. Pofu dume, anayeweza kufika kilo 900, akikaa wiki moja kwenye chumba cha baridi kati ya nyuzi 0 na 4, analainika. Hilo nimelishuhudia na sina ubishi. Kwa swala mdogo kama pongo sijaona tofauti ya kunishawishi baada ya siku ya pili. Na baridi yetu ina mtego: ukimchuna pongo upesi na kumtundika nje usiku wa Juni huku Nyanda za Juu, misuli inapoa kabla haijakakamaa, inajikunja, na nyama inakuwa ngumu moja kwa moja. Mwache na ngozi saa chache za kwanza, tumbo likiwa limeshatolewa. Bondeni kwenye joto, fanya kinyume.

Usichanganye sarara, ile nyama laini ya mgongoni, na muundi, nyama ya mguu wa chini, kwenye sufuria moja. Sarara haina mafuta ya kuilinda. Ikipita nyuzi 70 inakamuka maji yote. Chumvi usiku wa kuamkia, ikaushe, kikaango cha moto mkali, itoe ikifika nyuzi 63 katikati, iache ipumzike dakika tano. Kusema kweli hapa nasita: mjamzito au mtoto simpi nyama yenye uwekundu, namwivishia kabisa hata kama itakauka. Ngiri na nguruwe pori ni lazima ziive hadi ndani, na kuzibanika kwa moshi hakuui minyoo yake.

Muundi, shingo na kidari vinataka muda. Maji hapa Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, yanachemka kwenye nyuzi 94 na ushee. Kwa hiyo mapishi ya Dar yanayosema saa mbili, huku yasome saa tatu au zaidi, kwa moto mdogo wa kutokota. Ukiongeza moto, unaongeza mvuke tu, joto la maji halipandi. Presha kuka inavuka nyuzi 110, ndiyo maana inamaliza chini ya saa moja.

Haraka haraka kuhusu usalama na sheria. Mnyama aliyekutwa amekufa haliwi. Akiwa na ugonjwa wa kimeta, mbegu za ugonjwa huo zinastahimili maji yanayochemka. Usimpasue, ita afisa mifugo. Bucha za nyamapori Tanzania zina kanuni zake tangu 2020 na zinauza kwa leseni: dai risiti, kwa sababu ukikutwa na nyama usiyoweza kueleza ilikotoka, kesi ni yako.

Kwa yule wa kilo tatu: inuse kabla ya kulipa, ukiikandamiza kidole hasa karibu na mfupa. Ikinuka pale, irudishe. Isiponuka, chumvi, vitunguu, tangawizi, kipande kimoja cha mdalasini, kaanga kidogo kidogo ili kikaango kisipoe, ongeza maji ya moto, funika. Ipo tayari kijiti kikiingia na kutoka bila kuvuta. Ipakue ikiwa ya moto, na sahani zipashwe.