Je, Wajua Kwa Nini Kazi Uliyoifuta Kwenye Simu Moja Huibuka Tena Kwenye Nyingine?

Mfanyabiashara ana simu mbili, kama ilivyo kawaida mjini: Android yenye laini mbili anayoshinda nayo dukani, na iPhone inayobaki nyumbani. Zote ameziingiza kwenye akaunti moja ya programu ya orodha ya kazi, iwe Todoist, Microsoft To Do, TickTick au Google Tasks. Mwezi uliopita alifuta "Kulipa kodi ya fremu" kwenye Android, kwa kuwa ameshalipa. Leo anaichaji ile iPhone iliyokaa kabatini imezima, anafungua orodha, na kodi ya fremu ipo palepale. Baada ya muda mfupi imerudi hata kwenye Android aliyoifutia. Imefufukaje?

Jibu la haraka ni kwamba mtandao unasumbua. Mtandao unahusika, ila hata ungekuwa na kasi kuliko yote duniani, tatizo lingebaki. Jambo hili limewashughulisha wataalamu wa kompyuta kwa zaidi ya miaka 40, na kiini chake mtumiaji hakioni kabisa: kitu chenye nakala nyingi hakifutiki kwa kukiondoa tu. Ili kifutike kweli, kufutwa kwake lazima kuandikwe, na maandishi hayo yafike kila ilipo nakala.

Watu wengi huamini orodha iko kwenye seva peke yake, yaani kompyuta ya mbali ya kampuni yenye programu, simu huionyesha tu. Zipo programu za hivyo, nazo hukwama mara bando linapoisha. Programu iliyotengenezwa vizuri huweka nakala ndani ya simu yenyewe, mara nyingi kwa kutumia hifadhidata ndogo iitwayo SQLite, iliyoanzishwa na Mmarekani D. Richard Hipp mwaka 2000 na ambayo leo imo ndani ya kila simu ya Android na kila iPhone. Unapoweka tiki, simu huandika kwanza kwenye hifadhidata yake, kisha huyaweka mabadiliko hayo kwenye foleni yasubiri mtandao. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko, mwenye programu ya aina hii aliweza kuendelea kuandika na kuweka tiki kama kawaida. Mabadiliko yake yalikaa kwenye foleni mpaka njia ilipopatikana.

Kwa hiyo mfanyabiashara wetu hana orodha moja. Ana tatu: ya Android, ya iPhone na ya seva. Kusawazisha ni kuzifanya hizo tatu zikubaliane, ilhali kila moja imebadilishwa kivyake bila wenzake kujua.

Enzi za nakala mbili tu, hili lilikuwa jepesi. Kampuni ya Palm ilipotoa kifaa chake cha mkononi cha Pilot mwaka 1996, mtumiaji alikiweka juu ya kitako kilichounganishwa na kompyuta, akabonyeza kitufe kimoja, orodha ikasawazishwa. Kila kazi ilibeba alama ndogo: imebadilishwa, au imefutwa. Kompyuta ilisoma alama, ikafanya inavyotakiwa, kisha alama zikaondolewa. Kazi ileile ikiwa imebadilishwa pande zote mbili, Palm haikuchagua mshindi. Iliacha matoleo yote mawili, mwenyewe ukaamua. Naupenda uungwana wa uamuzi ule. Lakini alama zikishaondolewa baada ya kusawazisha na kompyuta ya ofisini, kompyuta ya nyumbani itajuaje kilichobadilika? Haiwezi. Ilibidi kila kitu kilinganishwe upya, kimoja baada ya kingine. Nakala ya tatu ilitosha kuuvuruga mpango mzima.

Programu za leo huipa seva kazi ya katibu wa kikoba. Katibu makini haandiki tu nani ana kiasi gani. Huandika kila tukio kwa namba, kadiri linavyomfikia. Namba 411, fulani kaweka. 412, fulani kakopa. Mwanachama aliyekosa vikao haombi daftari lote. Anasema mara ya mwisho aliishia 398, naye husomewa kuanzia 399. Todoist wameeleza hadharani kwamba ndivyo mfumo wao unavyokwenda: simu hutuma tokeni iliyopewa mara ya mwisho, yaani alama ya pale ilipoishia, seva hurudisha yaliyobadilika tangu hapo. Simu ngeni hutuma alama ya nyota (*) mahali pa tokeni, nayo huletewa kila kitu. Ndiyo maana kusawazisha kwa kila siku hula data kidogo sana, wakati kuingia kwenye simu mpya kwa mara ya kwanza huchukua muda.

Sasa kufuta. Tuseme seva inaiondoa kodi ya fremu moja kwa moja, isibaki hata alama. iPhone inapowaka inasema: mimi ninayo kazi hii. Seva inatazama, haina. Hapo kuna maelezo mawili, na yote yana mantiki. Huenda kazi ni mpya, imeandikwa kwenye iPhone ikiwa nje ya mtandao. Au ni ya zamani na ilishafutwa. Kukosekana kwa kitu hakusemi kama hakijawahi kuwepo au kilikuwepo kikaondolewa. Programu ikibaki kukisia, mara nyingi itairudisha, kwa kuwa kumpotezea mtu kazi aliyoiandika huonekana kosa kubwa kuliko kumwonyesha iliyokwisha.

Amazon walichagua hivyo kwa makusudi. Mwaka 2007 wahandisi wao walichapisha maelezo ya Dynamo, mfumo wa kuhifadhi data uliobeba vikapu vya wanunuzi kwenye duka lao la mtandaoni. Walieleza wazi kwamba bidhaa aliyoiongeza mteja haitapotea, ila aliyoiondoa inaweza kuibuka tena. Kwa duka, hilo linavumilika: mnunuzi ataiona na kuiondoa tena kabla ya kulipa. Kwa orodha ya kazi hesabu ni nyingine kabisa. Kazi iliyofufuka inaweza kumfanya mtu atume pesa mara mbili. Familia inayomwuguza mzazi kwa zamu, ikitumia orodha ya pamoja kukumbushana dawa, inaweza kumpa mgonjwa dozi ambayo daktari alishaisimamisha. Anayetengeneza programu hizi anapaswa kulibeba hilo moyoni.

Tiba yake huitwa na wahandisi jiwe la kaburi. Kazi ikifutwa haiondoki yote. Hubaki rekodi fupi yenye kitambulisho chake na alama kwamba imefutwa. Google Tasks, kwa mfano, ina sehemu maalumu ya alama hiyo kwenye kila kazi. iPhone ikija na nakala yake, seva hulikuta jiwe, hujua kuwa kazi haikuwa mpya, na huiagiza simu ifute ya kwake.

Tatizo ni kwamba mawe haya hayatunzwi milele, la sivyo seva ingejaa kumbukumbu za vitu visivyokuwepo. Hifadhidata ya Cassandra, inayotumiwa na kampuni nyingi kubwa, huyatunza siku 10 mpangilio wake usipobadilishwa, kisha huruhusu yafagiliwe. Wanaoiendesha huonywa kwamba mashine iliyokaa nje kupita muda huo inaweza kurudi na data iliyofutwa. Kila huduma ina muda wake, ila kanuni ni hiyohiyo. Simu iliyolala kabatini muda mrefu hurudi wakati jiwe limeshaondolewa, na programu isiyojihadhari huipokea nakala yake kama kitu kipya. Ndivyo kodi ya fremu ilivyofufuka. Huduma makini huikatalia simu ya namna hiyo kuendelea pale ilipoishia, huilazimisha ipakue orodha yote upya. Njia nyingine ya ufufuo ni kuwa kazi iliguswa kwenye simu ya pili kabla haijazima, pengine ilibadilishwa tarehe tu, na badiliko hilo likabaki kwenye foleni. Likifika kwa seva baadaye, baadhi ya programu huliona kama agizo la kuirudisha kazi hai.

Saa nayo huleta ugomvi. Simu moja imeandika "Lipa fundi 60,000", nyingine "Lipa fundi 45,000", zote zikiwa nje ya mtandao. Ipi ishinde? Utasema iliyoandikwa mwisho. Lakini mwisho kwa saa ya nani? Fuwele ya kawaida inayopima muda ndani ya kifaa inaweza kukosea sehemu 20 katika kila milioni, yaani karibu sekunde 1.7 kwa siku. Simu hujirekebisha kwa mtandao, ila wapo wanaozima mpangilio huo na kuweka saa kwa mkono. Simu iliyotangulia kwa saa nzima ingeshinda kila mabishano, hata ikiwa imeandika kwanza.

Mwaka 1978 Leslie Lamport, mtaalamu wa kompyuta aliyekuja kupewa tuzo ya Turing ya 2013, iliyo ya juu kabisa katika fani hiyo, alionyesha namna ya kupanga matukio ya kompyuta nyingi bila kuziamini saa zao: kila mashine hutunza kihesabio, hukiongeza kwa kila tukio, na ikipokea ujumbe wenye namba kubwa kuliko yake hurukia mbele ya namba hiyo. Programu nyingi za orodha hupita njia rahisi zaidi. Hulinganisha sehemu kwa sehemu, ili mmoja akibadilisha jina la kazi na mwingine tarehe, yote yabaki. Sehemu ileile ikigongana, linaloifikia seva mwisho hushinda. Hapo pana mtego: ulichoandika saa 8 mchana porini pasipo mtandao kinaweza kufunika alichoandika mwenzako saa 10 mjini, kwa sababu tu simu yako ilifika mjini jioni.

Tiki haina shida hiyo. Kazi ikiwekewa tiki mara mbili bado ni kazi moja iliyokamilika. Zinazohitaji uangalifu ni za kujirudia, za kila Jumatatu au kila mwisho wa mwezi, kwa sababu tiki huko humaanisha kusogeza tarehe. Wawili wakiweka tiki kila mmoja kwa simu yake bila mtandao, kazi huweza kuruka wiki nzima.

Kazi inapojitokeza mara mbili, chanzo ni kingine. Simu ilituma, seva ikapokea, jibu likapotea njiani, simu ikatuma tena. Kinga yake ni simu yenyewe kuipa kila kazi kitambulisho kirefu cha kubahatisha tangu inapoandikwa. Kile cha kawaida kina biti 122 za bahati nasibu (kila biti ni 0 au 1), hivyo simu mbili kugongana ni jambo lisilotarajiwa. Seva ikiona kitambulisho ilichokwisha kukipokea, hukipuuza.

Aina ya simu nayo ina uzito. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyotulia mezani bila chaja, kioo kikiwa kimezimwa, huzizuia programu kutumia mtandao chinichini isipokuwa kwa vipindi vifupi. Tecno, Infinix na Xiaomi huongeza udhibiti wao juu ya huo. iPhone ikiwekwa kwenye hali ya kuokoa chaji nayo husimamisha kusawazisha kwa chinichini. Simu nyingi za Huawei zilizotoka baada ya vikwazo vya Marekani vya Mei 2019 hazina huduma za Google, kwa hiyo arifa zinazotegemea mfumo wa Google haziingii, na orodha huenda isibadilike mpaka uifungue. Orodha ya Reminders ya Apple haina programu ya Android. Mwenye Android ataifikia kwa kivinjari tu. Ukitumia simu za aina tofauti, chagua huduma yenye programu kwa zote kabla hujaijaza mambo yako.

Kwa walio nchi tofauti kuna suala la majira. Kikumbusho cha saa 3 asubuhi Dar es Salaam ni saa 4 asubuhi kwa dada aliyeko Muscat, na programu nzuri huhifadhi wakati mmoja wa dunia kisha kila simu ikatafsiri kwa saa ya mahali ilipo. Hiyo inafaa kwa kikao cha simu. Kwa kumeza dawa "saa 3 popote nilipo" haifai, maana ukisafiri kikumbusho kitahama. Todoist hutenganisha aina hizi mbili; angalia kama yako inafanya hivyo.

Kwa simu inayotumika kila siku, acha tarehe na saa zijipange zenyewe, na uiondoe programu ya orodha kwenye udhibiti wa betri. Simu iliyokaa muda mrefu bila kutumika ifungue kwanza ikiwa kwenye hali ya ndegeni, upitie kama kuna ulichoandika humo ambacho hakipo kwenye simu nyingine, ukinakili pembeni. Kisha futa data ya programu, au iondoe programu yenyewe kama ni iPhone, rudisha mtandao na uingie kwenye akaunti upya. Itapakua orodha nzima kutoka kwenye seva, na haitakuwa na nakala ya zamani ya kuirudishia seva.